Rangi Mpya ya Gari la Babu

Mjukuu wangu mjuaji,

Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Sasa nisikilize. Nani alikutuma umwagize fundi apake rangi gari la babu yako wakati yeye amelazwa? Ulitaka kumfurahisha, najua. Umetuharibia.

Alipotoka hospitali, kwa vile macho yake hayaoni vizuri, akadhani limeoshwa tu. Jumamosi akalipeleka kwenye mashindano ya klabu yao ya magari ya zamani, kundi la rangi ya kiwandani, kama kila mwaka. Jaji akachungulia mlangoni.

“Mzee, hili limepakwa upya. Peleka kundi la yaliyokarabatiwa.”

“We kijana, gari hili halijaguswa tangu nilinunue!”

Wenzake wakacheka. Jaji akamwonyesha rangi ya zamani karibu na bawaba. Babu yako akanigeukia, “Nani kafanya hivi?” Nikasema ni mimi. Tangu hapo hanisemeshi, hata chai hapokei mkononi mwangu.

Siku alizobakiza babu yako, daktari anataja wiki, hataji miezi. Njoo. Kutwa anakuulizia wewe, basi ukifika ufunge huo mdomo wako, usikiri chochote. Hasira zake niachie mimi.

Ni mimi bibi yako, na bado sijapoa.