Fundo Kwenye Tundu la Sita

MAELEZO YA SHAHIDI

Jalada: Uchunguzi kuhusu gari la zamani la kijeshi lililokutwa yadi ya magari, eneo la viwanda
Jina: Limeandikwa ndani ya jalada. Kazini anaitwa Mama Turubai
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi wa kushona maturubai na viti vya magari
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa tatu
Yameandikwa: Tarehe 16, kuanzia saa 4:20 asubuhi

Nimeambiwa niseme ukweli na nisichanganye habari na hasira. Ukweli nitausema. Kuhusu hasira siahidi, afande, wewe andika tu.

Nafanya kazi katika yadi inayouza magari ya jeshi ya zamani, yale madogo ya wazi ya kupanda milima na kupita kwenye matope. Bosi wangu, tunayemwita Mzee Grisi, huyanunua kwenye minada jeshi likishayachoka. Anayafufua, kisha anawauzia wenye nafasi zao: watu wa sinema, wenye mahoteli, na wanaume waliofika umri wa kutaka gari lenye makelele. Mafundi wengine wanashika injini. Mimi nashika kila kinachokunjika, yaani mapaa ya turubai, milango na viti. Huu ni mwaka wa ishirini na moja. Bosi hunitania kwamba mimi ni afisa forodha, kwa sababu gari lolote likiingia, hata lisilo na kazi yangu, lazima nipande nilikague paa kwa ndani. Sababu sijawahi kumwambia.

Sababu ni mume wangu. Alikuwa dereva jeshini, na gari lake lilikuwa la aina hiyo hiyo. Mwaka wa pili wa ndoa yetu tawi la mti lilichana paa la gari, upande wa abiria, mpasuko wa urefu wa mkono mzima. Akiripoti angelala mahabusu. Kwa hiyo Jumapili moja mchana alikuja nyumbani na lile paa amelikunja nyuma ya baiskeli, amelifunika na gunia kama mtu aliyeiba mbuzi. Tuliketi sakafuni nikalitia kiraka.

Mimi nina mshono wangu. Kila nikifika tundu la tano la sindano napiga fundo, ili uzi ukikatika mahali pamoja usifumuke wote. Mjomba aliyenifundisha kazi alikuwa akisema naharibu uzi. Mume wangu alipouona alitaka naye aujue, nikamfundisha. Hakuwa mzito wa kuelewa, ila kuhesabu huku unaongea ni kazi, na yeye kunyamaza hakuweza. Fundo lake likawa linaangukia tundu la sita. Nikimkosoa ananiambia, "La tano lako, la sita langu, tusigombane." Mpaka anaondoka hakuwahi kupiga fundo kwenye tundu la tano.

Aliondoka asubuhi ya siku ya kazi, kupeleka barua kambi nyingine. Binti yetu alikuwa na miezi kumi na moja. Mume wangu hakufika alikotumwa, wala hakurudi. Ofisa wa jeshi alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza alinipa pole. Mara ya pili aliniuliza kama nimepata ujumbe wowote, akainama kuchungulia uvungu wa kitanda. Barua niliyopewa inasema ametoweka pamoja na gari. Wiki ile mto ulikuwa umefurika, watu wakaamua ameondoka na maji. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alivumilia miaka mitatu, kisha akaja kunishauri. "Shemeji, asiyekuwepo na lake halipo. Olewa." Nikamwambia akaolewe yeye.

Imepita miaka ishirini na tatu. Watu huniambia bado namkumbuka. Hapana. Kumkumbuka mtu ni jambo la mara moja moja. Mimi nimemtaka kila siku, nikivua viatu, nikifunga mlango, nikisikia mtu anaongea mfululizo bila kupumua dirishani kwangu. Nilikuwa nashona sare za shule, nikaacha na kwenda kuomba kazi kwa Mzee Grisi. Niliwaza kwamba mtu anaweza kuzama akapotea kabisa, lakini gari la jeshi halipotei. Litauzwa, litauzwa tena, na siku moja litafika mahali linapotakiwa kushonwa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 3 asubuhi, dalali mmoja aliingia yadi na gari lililopakwa rangi mpya ya mchanga. Tunamfahamu, kila mwaka hutuletea mawili matatu tuyatengeneze. Alisema mteja yupo tayari, ni daktari wa meno, na atalichukua kesho yake saa 6 mchana. Alitaka nilivike paa jipya. "Hilo kuukuu tupa tu, mama. Hata mbuzi hatalilalia."

Nilipanda upande wa abiria kama kawaida yangu, nikainua macho. Kiraka changu kilikuwa pale pale. Uzi wa pamba niliokuwa nimeupaka nta kwa vidole vyangu ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Nilipapasa nikihesabu. Matundu matano, fundo. Matano, fundo. 

Pembeni ya kiraka changu kulikuwa na viraka vingine viwili, vya uzi mweusi wa nailoni. Nikavihesabu navyo. Sita, fundo. Nikarudia tangu mwanzo, taratibu, nikiogopa mkono wangu unanidanganya. Sita, fundo. Kitambaa chake kilikatwa kwenye turubai la kufunikia mazao, na kwa ndani chapa ya kiwanda ilikuwa inasomeka pamoja na mwaka. Ulikuwa wa miaka sita iliyopita. Maiti hashoni, afande.

Nililia kwa furaha, na naomba liandikwe hivyo hivyo. Kwa muda kama wa dakika kumi nilikuwa mwanamke mwenye mume hai. Nilikuwa nimeanza hata kumgombeza.

Halafu niligeuka nyuma. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mkanda mdogo wa turubai, haukutoka kiwandani na gari. Ni mkanda wa kumfungia mtoto asirushwe kwenye mashimo. Niliupima kwa shubiri, ni kiuno cha mtoto wa miaka mitatu, minne. Ulikuwa umeviringishiwa kitambaa laini ili usimkwaruze. Nao mafundo yake yalikuwa kwenye tundu la sita. Nilikaa nikiushika mpaka mafundi wakaniita kunywa chai. Sikwenda.

Saa 5 nilimuuliza dalali gari amelitoa wapi. Akasema, "Mnadani, mama. Karatasi zake hizi hapa." Nikamuuliza mnada gani, akasema mnada ni mnada. Nikajua anadanganya, na nikajua kwamba kesho saa 6 gari litaondoka na jibu langu limo ndani.

Hapa naomba nieleze jambo la kazi. Magari haya ya zamani hayana ufunguo. Ni swichi tu unazungusha, hata mtoto anaweza kuondoka nalo. Ndiyo maana madereva wa jeshi wakiegesha hutoa rota, kipande kidogo kinachozunguka ndani ya kifuniko cha distribyuta na kugawa moto kwenye plagi. Wanaitia mfukoni, na gari haliwaki mpaka wairudishe. Mume wangu alikuwa anarudi nayo nyumbani, na mara nyingi nimeifua ndani ya shati lake. Basi mnamo tarehe 15, saa 1:30 asubuhi, kabla mafundi hawajafika, nilifungua boneti nikaitoa. Niliiweka kwenye kopo langu la vifungo. Sijaiba kitu, niliificha tu, na nilikuwa na nia ya kuirudisha.

Daktari wa meno alifika saa 6 kamili. Alikuwa amevaa kofia ya kijani, viatu vya kijani na miwani mikubwa ya kuzuia vumbi, na vumbi lenyewe halikuwepo. Alipanda, akazungusha swichi, kimya. Akazungusha tena. Dalali akaanza kulia, "Jana lilikuwa linawaka! Wote mmelisikia!" Fundi wa umeme akafungua boneti, akachungulia, akasema rota haipo.

Nikasema, "Iko kwangu. Aseme alikolinunua, nitaitoa."

Dalali akaniuliza kama nimerogwa. Mzee Grisi akaniita pembeni kwa upole. "Mama, mrudishie mwenzako kitu chake, tusiharibu jina la yadi."

Nikamwambia, "Bosi, miaka ishirini na moja sijakuomba kitu. Leo nakuomba."

Aliniangalia, akaenda kukaa juu ya tairi. Hapo dalali akatoa simu akaita polisi yeye mwenyewe, akisema kuna mwanamke ameteka gari. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Ulipofika wewe, afande, saa 7:10, kitu cha kwanza uliomba karatasi. Cha pili uliomba sarafu, ukakwangua rangi kwenye chesisi, na namba iliyotokea haikuwa ile ya kwenye karatasi. Kibati cha namba kilikuwa kimetolewa kwenye gari lililokufa na kupigiliwa pale kwa ribiti mpya. Dalali akasema biashara hii kila mtu anafanya hivyo. Mzee Grisi akajibu kutoka kwenye tairi lake, "Sema wewe unafanya."

Dalali alipoona maji yamemfika shingoni, alieleza mbele yetu sote. Alisema alilinunua mwezi wa kwanza kwenye mji mdogo wa njia panda, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, kwa mtu mzima mmoja anayeziba mipira ya magurudumu. Nilimuuliza kama mtu huyo ana maneno mengi. Akasema, "Mama, aliongea mpaka nikasahau bei." Alisema mtu yule hakusumbua kwa lolote isipokuwa jambo moja. Alitaka gari liondoke, paa libaki. Dalali akakataa, akamwambia gari lisilo na turubai hatalichukua. Yule mtu akaomba kama saa nzima. Mwishowe akakubali, kwa sababu mtoto wake alikuwa hospitalini, na alilifunga paa kwa mikono yake mwenyewe, kamba moja moja.

Nilikwenda kwenye kopo nikaitoa rota, nikakukabidhi wewe saa 8:15 mchana. Sikuwa na sababu ya kuishika tena.

Jana jioni nilimpigia simu binti yetu. Anakaribia miaka ishirini na nne, ni karani wa bohari. Akasema, "Mama, ukiulizwa sema huujui huo mshono. Tumeishi bila yeye na hatujafa." Nikamwambia kuhusu mkanda. Akasema, "Basi ndiyo kabisa. Akikamatwa, huyo mtoto naye atakua kama mimi." Binti yangu ana akili kuliko mimi. Maneno hayo nimelala nayo na nimeamka nayo.

Najua pia kwamba gari ni mali ya serikali, na kwamba askari aliyetoroka anabaki askari aliyetoroka hata awe na mvi. Sijui alitoroka nini. Labda jeshi, labda deni, labda mimi. Kama ni mimi, nataka aniambie kwa mdomo wake, na najua itamchukua siku nzima kumaliza. Nitamsikiliza yote. Nina hasira naye kiasi kwamba nikimwona sijui nitaanza na kofi au nitaanza na kumtazama. Nataka kumwona, basi.

Leo umeniuliza kama naujua mshono wa vile viraka viwili na wa ule mkanda. Nikisema siujui, hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kunibishia. Naujua. Ni mkono wa mume wangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Sikulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Nimesomewa maelezo haya tangu mwanzo, na ni yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya askari aliyeandika: Nimeyaandika haya kama yalivyotamkwa na shahidi na nimemsomea kwa sauti. Alirekebisha mahali pamoja, nilipokuwa nimeandika "mpenzi wake" badala ya "mume wangu". Kabla hajatia sahihi nilimweleza kwamba maneno yake yanaweza kumpeleka mtu huyo gerezani, na kwamba kama anapenda, yote aliyosema kuhusu mshono wa mume wake yanaweza kufutwa sasa hivi na mimi sitamuuliza tena. Alifikiri kidogo, akaomba kalamu. Akasema, "Gerezani kuna siku ya kutembelewa, afande. Huko alikokuwa haikuwepo."

Maelezo yamefungwa saa 6:05 mchana.

(Sahihi ya askari)