Ex Parte na Mlango wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kaja tena na yule mtu wa futi. Nimepita kwa Mama baada ya kazi nikawakuta chumbani kwake wanapima ukuta, wananong'ona. Kuniona tu — kimya! Eti, "Mdogo wangu, hati ya nyumba unayo wewe, siyo?" Nimesema sijui iliko. Iko kabatini kwangu, chini ya mashuka. Nyumba ya Mama haiuzwi nikiwa hai.

Jumanne, 5 Machi

Miaka tisa nachapa "ex parte" hapa ofisini, leo ndiyo nimemuuliza Wakili maana yake. Kacheka. Ni Kilatini: upande mmoja. Jambo likiwa la haraka, hakimu humsikiliza aliyefika tu, akatoa amri ya muda, mwenzake akaitwa baadaye. Nimelipenda neno hilo! Akanyanyua kidole: anayekwenda peke yake lazima aseme yote, hata yasiyomfaa. Haya, nimesikia.

Kaka kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Dalili ya mvua ni mawingu.

Alhamisi, 7 Machi

Hati ya kiapo nimeichapa mwenyewe. Mtu wa futi nimemweka. Kuulizia hati ya nyumba, nimeweka. Zile simu sikuziandika, wala ujumbe wake wa sauti, ambao sijausikiliza. Atanizuga tu. Isiuzwe, isiguswe hata tofali, mpaka tarehe 21 — maneno yangu, hakimu kayapitisha yalivyo! Wakili kaniuliza kama nimesema yote. Yote, nikasema.

Jumamosi, 9 Machi

Amri ilimfikia Kaka jana. Leo nimekuja kuona alivyonywea.

Mlango wa Mama haupo! Fremu imeng'olewa, ukuta nusu umebomolewa, vifusi vimeziba njia. Uani kuna kiti cha magurudumu, bado kimefungwa nailoni. Mtu wa futi — kumbe fundi — kakalia ndoo yake. Anasema walianza kubomoa juzi: mlango ulikuwa mwembamba, kiti hakipiti. Sasa hagusi hata tofali, amri ndivyo isemavyo.

Kaka hakunitukana. Heri angenitukana.

Ujumbe nimeusikiliza jikoni. Mama amechoka kulala kitandani kutwa, kiti kimepatikana, njoo tupange. Ya hati hakuyataja. Basi aliitakia nini? Bado simwamini. Simwamini, na naona haya.

Nimempigia Wakili. Jumatatu tunaweza kuomba amri iondolewe, ila nitaapa upya. Akauliza: kwani uliacha nini? Nimekata simu.

Mama anaita toka ndani: si mlisema leo ndiyo nitaota jua?  Kaka ananitazama mimi, nijibu.