Mchawi Asiyejua Kiembu

Kwa Nyamu,
Kanja, Runyenjes.
15 Julai 2025

Mpendwa Tata Cicily, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani, Tata? Kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Nakuomba mara hii ujibu kwa kweli, utakapomaliza kusoma. Sisi tunaendelea. Cucu, mama yako, anakula, anatembea, anagomba. Ukungu haujatutoka tangu mwezi uanze, na nguo hazikauki.

Barua hii anakuletea Virginia wa Karurumo, yule anayefanya usafi katika kliniki ya huko ng'ambo unakompeleka mama mkwe wa tajiri wako. Alikuja likizo. Nimemwomba akutilie mkononi. Isome chooni kisha uichane.

Mwanao Karimi ameng'oka jino la mbele na anajua kuandika jina lake, ila herufi ya R huigeuza. Tangu nimalize Kidato cha Nne nashinda naye. Lakini kuna jambo tulilokuficha. Karimi hataki kuongea nawe kwenye simu. Baba amekuwa akikuambia kwamba amelala au yuko kwa jirani. Si kweli. Huwa yuko chini ya kitanda cha Cucu, ameziba masikio.

Mambo yalianza kwa hadithi. Jioni moja tulikuwa jikoni tukipukuchua mahindi, mimi, Karimi na watoto wa jirani. Wewe unanijua, mbele ya watu wazima ulimi wangu hukauka, lakini kwa watoto hufunguka kidogo. Nikawasimulia ile ya murogi, yule mchawi, ambayo Cucu aliwasimulia wewe na Baba mkiwa wadogo. Mama alikwenda kulima mbali, akamfungia mtoto ndani, wakakubaliana wimbo wa kufungua mlango. Mchawi akausikia, akaja kuuimba kwa sauti nzito, mtoto akakataa. Basi mchawi akaenda kwa mhunzi, akachomwa koo kwa chuma cha moto mpaka sauti ikawa laini kama ya mama. Mlango ukafunguliwa.

Sikufika mwisho. Mutegi, mtoto wa jirani, alinikatiza. "Kwani huyo mama hakuwa na simu? Si angepiga tu aseme niko njiani?" Wote wakacheka. "Maxine, hii hadithi ni ya wazee!"

Niliona haya, Tata, nikaigeuza papo hapo. Nikampa mama simu. Nikampandisha ndege, nikampeleka mji wa mbali wenye nyumba ndefu zenye baridi ndani na jua kali nje. Mchawi nikamfanya mwenye nyumba. Akammeza mama mzimamzima, sauti ya mama ikabaki kooni mwake, na kila Jumapili akawa anampigia mtoto simu kwa sauti hiyo. Watoto walinyamaza kabisa, hata Mutegi. Nilifurahi, maana sijawahi kunyamazisha watu. Sikumtazama Karimi, aliyekuwa ameniegemea gotini.

Jumapili ulipopiga, Baba alimpa simu. Alisikiliza kidogo, akaiweka kwenye benchi taratibu kama mtu anayetua sufuria ya moto. Akasema, "Huyu si mama. Huyu ndiye aliyemmeza."

Cucu alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Baba hakucheka. "Maxine, umemharibia dada yangu mtoto kwa mambo ya kishetani. Rekebisha."

Nilijaribu. Nilimwambia Karimi kwamba ile ni hadithi tu, na kwamba anayepiga ni mama yake wa kweli. Akaniuliza, "Sasa mbona hajui Kiembu?"

Tangu Pasaka unaongea nasi Kiingereza kitupu. Hata na Cucu, ambaye Kiingereza chake chote ni kusema asante. Unasema uko salama, tajiri ni mwema, chakula ni kingi, kwa mpangilio uleule kila mara, kama mwanafunzi anayekariri shairi mbele ya mkaguzi. Karimi alinieleza polepole, kama vile mimi ndiye mtoto. "Alimeza sauti. Kiembu kilimshinda." Siku hiyo Cucu aliacha kucheka.

Jumapili iliyofuata niliomba simu mimi mwenyewe. Nilikuuliza kwa Kiembu jina ulilokuwa ukimwita Karimi ukimwogesha. Nikasikia mtu mwingine akisema neno fupi, kisha wewe ukasema kwa Kiingereza kwamba mtandao ni mbaya. Simu ikakatika.

Baba alisema labda ni mtandao kweli. Alisema kazi ya watu ina masharti yake, na mvumilivu hula mbivu. Nadhani alitaka iwe hivyo.

Kisha Virginia akaja kutusalimu. Alitueleza kwamba alikuona kliniki ukisukuma kiti cha yule bibi kizee. Alikuamkua kwa Kiembu, ukatazama chini kama humjui. Umekonda. Mkono wako wa kushoto ulikuwa na bendeji mpaka kiwiko, na mwenye nyumba alikuwa nyuma yako karibu kukukanyaga visigino. Lakini mlipopishana mlangoni ulimshika Virginia mkono kwa ule mzima, ukambana mpaka kucha zikaacha alama. Alipokuwa akisimulia alikuwa akipapasa mahali pale.

Baba alitoka akaenda kwenye shamba la kahawa. Hakuna kazi kule wakati huu. Aliporudi alimwambia Cucu, "Mama, nilikuwa mjinga."

Kesho yake alikwenda mjini kuuliza wanaohusika na wafanyakazi wa ng'ambo. Aliambiwa kwamba kila wakikupigia, wewe mwenyewe unajibu kuwa uko salama. Unaona, Tata? Sauti yako mwenyewe ndiyo inayotufungia mlango.

Baba yuko tayari kwenda Nairobi na kukaa kwenye ofisi hizo mpaka wamfukuze au wamsikilize. Virginia atamwachia maelezo aliyoyatia sahihi. Jambo moja tu linamzuia. Anaogopa kwamba akilalamika, watampigia kwanza huyo mwenye nyumba, kisha wewe utabaki naye ndani. Hataki kuanza bila wewe kukubali. Na kukuuliza kwa simu hatuwezi.

Njia ameipata Karimi. Wiki iliyopita tulipokuwa tukichambua maharagwe alinimalizia ile hadithi bila kuombwa. Alisema yule mama hakufa. Yuko tumboni mwa mchawi, anagonga kwa ukucha. Mchawi akisikia anadhani ni njaa.

Basi fanya hivi, Tata. Ukipiga simu Jumapili baada ya kuipata barua hii, sema Kiingereza chako kama kawaida, sifu chakula, msifu tajiri. Ukiwa unaendelea kusema, gonga kwa ukucha nyuma ya simu. Ukigonga, Jumatatu alfajiri Baba yuko njiani. Usipogonga tutajua unataka tungoje, na hakuna atakayekulaumu.

Atakayeshika simu ni Karimi, si Baba. Amekubali kutoka chini ya kitanda. Baba ana masikio mazito, na mimi huenda nikaanza kulia. Juzi tulifanya majaribio. Nilishuka na simu ya jirani mpaka chini kwenye kahawa, nikampigia Karimi kwenye ya Baba, nikaongea Kiingereza nikigonga. Alisikia kila mara. Mara moja niliongea bila kugonga, kisha nikamuuliza kama amesikia kitu. Akasema, "Hapana. Hapo ulikuwa mchawi tu."

Kwa hiyo usigonge kwa nguvu, usije ukajiponza. Gonga polepole. Atasikia.

Cucu anakusalimu na kusema kitanda chako hakijalaliwa na mtu. Baba anakusalimu, ameshindwa kuongeza neno. Kaka yangu Mutwiri aliye Nkubu anakusalimu pia. Karimi hajatuma salamu. Nilipomuuliza alisema hawezi kuzipitisha kwa mchawi, atakupa mwenyewe ukitoka.

Mungu aonaye mpaka jangwani akuone hapo ulipo, akulinde mkono na uhai, akurudishe kwetu ukiwa na lugha yako kinywani.

Wako akupendaye daima,
Maxine