Ng'ombe wa Mkwe Bado Hajafika

Ikolo, nyumba ya wagonjwa

Mwanangu Subilaga,

Nakusalimu wewe na tumbo lako. Miguu imevimba? Samaki unakula, au bado unachagua-chagua kama mgeni? Mimi ni mzima, ila usingizi sina. Watu wa huku wakinikuta asubuhi husema "Ugonile," wakiniuliza kama nimelala. Nawajibu: sijalala, nipisheni.

Barua yako waliniletea wauza vyungu wa huko Lyulilo. Nimeisoma mwenyewe kwa herufi zile za darasa la ubatizo, siku mbili nzima, kwa hiyo usiniandikie tena maneno marefu. Umesema nije kabla mwezi haujaandama. Mumeo naye kaongeza chini eti nawapenda wagonjwa wa watu kuliko damu yangu. Mwambie huyo: mwanawe wa kwanza alipotanguliza miguu, mikono iliyomtoa ilikuwa ya nani? Yeye alikuwa nyuma ya nyumba anatapika. Asinifundishe damu.

Sasa sikiliza kwa nini sijafika.

Zamu ya usiku hapa tulikuwa watu watatu. Mmoja, mwanamume, askari walimchukua kubeba mizigo ya bomani. Tukabaki mimi na mama mmoja kijana, Tupokigwe. Tukagawana: leo mimi, kesho yeye. Kugeuza wagonjwa, kuwanywesha maji na dawa chungu, kumwaga vyombo vyao, kukaa macho mpaka kuche. Kazi ilikuwa nzito lakini ilibebeka.

Kisha akaletwa mzee kutoka Mbugani, nyonga imevunjika, kifua kinakoroma. Nani? Baba mkwe wake Tupokigwe! Unawajua Wanyakyusa, mwanangu. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hataji jina lake, wakikutana njiani anaingia majanini. Na nyumba yetu ina chumba kimoja tu. Basi tangu siku hiyo usiku wote ni wangu.

Mchana najilaza, silali. Wanawake wanatwanga mpunga karibu na ukuta wangu, na nikisinzia kengele inalia, naitwa tena, mtu katapika. Juzi niliamka nikajifunga nguo nikaenda kazini, kumbe jua liko utosini. Jana nimemnywesha mtu bakuli zima la uji, nikimfuta na midomo, kumbe si mgonjwa, kaja kumtazama ndugu yake. Akamaliza, akanishukuru kwa lugha yao, "Ndaga, bibi." Mshenzi yule.

Bibi Mdachi, mkubwa wetu, akaona macho yangu, akamwamuru Tupokigwe aingie. Mtoto wa watu akajifunika shuka kichwani, akaingia kinyumenyume na kibuyu cha maji. Mzee alipotambua ni nani, akageukia ukutani kwa nguvu, akaporomoka chini na blanketi lake. Tupokigwe kusikia kishindo, akakimbia, akamkanyaga mgonjwa wa mlangoni. Kelele mtindo mmoja!

"Ana ugonjwa gani huyu mwanamke?" Bibi Mdachi akaniuliza.

"Hana ugonjwa," nikamwambia. "Ana mkwe."

Hakuelewa. Tukamwinua mzee mimi na yeye, na mgongo wangu haujanyooka mpaka leo.

Usiku ule nikamkalia mzee kitako. Nikamwambia, "Baba, unaniua. Binti yangu karibu anajifungua, na mimi nimefungwa hapa kwa ajili ya haya zako. Mila yenu ina mlango. Mpe mke wa mwanao ng'ombe, umfungulie, akuhudumie."

"Ng'ombe wangu wako Mbugani," akasema. "Na mimi sijafa."

"Ukifa hutahitaji kunyweshwa maji."

Akavuta blanketi usoni. Usiku wa pili nikamwambia tena. Akasema nina mdomo kama mwanamke wa sokoni. Nikamwambia ndiyo, nimekulia sokoni, vyungu haviuzwi kwa kunyamaza. Usiku wa tatu kikohozi kilimbana mpaka nikadhani anaondoka. Kilipomwachia akanishika mkono. "Mpelekee mwanangu habari. Amlete yule mtamba mwekundu."

Habari imekwenda. Lakini mvua haikatiki, mto umejaa, na mtamba hawezi kubebwa kichwani. Tupokigwe anashinda mlangoni akichungulia njia ya Mbugani. Bila ng'ombe hataingia, na simlaumu, mimi mwenyewe nisingethubutu.

Nimefunga mzigo wangu mara mbili, Subilaga. Mara mbili nimeufungua. Nikiondoka, mzee atakufa kwa kiu na mke wa mwanawe amesimama nje na maji mkononi. Sitaki kuja kumpokea mtoto kwa mikono iliyomwacha mtu hivyo. Ukikasirika, kasirika, ila kula.

Sasa fanya ninavyokuambia. Usiningoje. Leo hii mwite mama yako mdogo ahamie kwako. Ana majivuno na hupika kwa chumvi nyingi, lakini mikono yake ni safi na nilimfundisha mwenyewe kumgeuza mtoto. Usibebe udongo wa kufinyanga. Mumeo achote maji, na mtu akimcheka, anicheke mimi nikirudi.

Msalimie huyo mama yako mdogo, na mumeo, ingawa hakustahili. Mjukuu wangu mwambie asikaribie moto wa vyungu. Shemeji yangu mvuvi akupe samaki, ananidai wema wa miaka mingi, au mimi namdai, sikumbuki tena.

Ng'ombe akivuka mto, siku hiyohiyo naingia mtumbwini. Asipovuka, na uchungu ukakushika usiku, usilie kwamba uko peke yako. Saa hiyo mimi pia niko macho.

Ni mimi mama yako, niliyechoka.