Baba Mkwe Nyuma ya Mbao

Iyunga, Mbeya
12 Mei, 1957

Mpendwa Shangazi Severina,

Kamwene, shangazi! Nakuamkia kwa Kihehe kwanza, maana huko Muheza najua hakuna wa kukuamkia hivyo ila Baba Liberatus peke yake. Hamjambo nyote? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa harusi kimepona? Hapa baridi imeshaanza, asubuhi maji ya mtungini hayashikiki, lakini mimi ni mzima wa afya. Mkweo Isakwisa naye ni mzima, ila anakohoa kidogo kwa vumbi la mbao.

Barua yako ilifika wiki ya Pasaka. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale ulipouliza kama mume wangu amekonda. Shangazi! Nakujua. Unauliza kama nampa chakula cha kuliwa na watu. Hujasahau siku ile Kalenga ulipoonja ugali wangu mbele ya mama, ukasema masista wamenifundisha kutarizi shuka, lakini mwanamume hashibi kwa maua ya shuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mimi nikakimbilia nyuma ya ghala kulia.

Basi keti vizuri usome. Mkweo amenenepa. Suruali yake ya harusi imebidi niipanue kiunoni, kwa hiyo hata kule kushona kumefaa.

Sikatai kwamba mwanzo nilihangaika. Sisi kwetu ni ugali, na ugali sasa nausonga vizuri, lakini huyu ni mtoto wa Rungwe, amekulia migombani. Kwao mtu akila ugali tu anasema bado hajala. Siku ya kwanza nilimenya ndizi kwa mikono mikavu, utomvu ukanishika vidole, nikawa mweusi hadi viganjani na nikaenda kanisani hivyo hivyo. Tena nilichanganya mbichi na zilizoanza kuiva. Mkweo alikula zote, ila alikunywa maji vikombe vitatu na kwenda kupiga randa ingawa ilikuwa Jumapili.

Aliyeniokoa ni jirani yetu, Mama Tusekile, mama wa makamo, mtu wa huko huko Rungwe. Alinionyesha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, na kuzitumbukiza ndizi majini hapo hapo zisiwe nyeusi. Aliniambia pia kwamba ndizi za kupika, ambazo wenyewe wanaziita mbalaga, hazitaki kuharakishwa wala kukorogwa korogwa kama uji. Nilimsikiliza. Mwenye kujua ni mwenye kujua, hata kama anapenda kusema sana.

Maandazi nayo yana hadithi yake. Mara ya kwanza hayakuumuka, yalikuwa magumu hata mbwa wa jirani aliyanusa akaondoka. Hamira ya dukani ilikuwa imekaa sana. Halafu mama akanitumia chupa ya ulanzi, ile pombe ya mianzi yetu, kwa dereva mmoja wa lori anayepakia mahindi Ipogolo. Chupa ilifika ikiwa imerusha kizibo njiani, nusu imemwagika. Ile nusu iliyobaki nikaimimina kwenye unga, nikafunika na blanketi la kitandani. Shangazi, unga ulipanda mpaka ukasukuma sahani niliyofunikia! Siku hizi mafundi wenzake Isakwisa wanapita hapa asubuhi wakijifanya wanaulizia misumari, nami nawapa andazi moja moja, ndiyo misumari yenyewe.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka kwamba baba mkwe wangu hakuja Kalenga kwenye harusi. Alituma mbuzi, alituma salamu, mwenyewe hakuja. Isakwisa alisema ni kidonda cha mguu. Lakini mimi moyoni nilijua mtu mwenye nia huja hata kwa kubebwa. Jina lake silitaji, na usishangae kwamba hata hapa siliandiki. Ni heshima ya kwao, na sasa ni yangu.

Mwezi uliopita kile kidonda kilizidi, akaja kwetu ili apate sindano hospitali ya mjini, moja kila siku kwa siku kumi na mbili. Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko la uani. Isakwisa alikuwa ameniambia zamani kwamba kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Nilimsikia. Lakini nilijisemea kwamba huyu mzee ni katekista, amewafundisha ubatizo watoto wa nusu ya kijiji, mambo kama hayo si ameyaacha kwenye maji ya ubatizo? Basi nikajiandaa kumpokea kama tunavyowapokea wazee Kalenga. Nilichinja jogoo, nikapika wali wa Kyela usioshika chini, nikavaa kitenge cha harusi. Alipofika na kukaa, nikaingia na birika na beseni, nikapiga magoti mbele yake nimnawishe, nikasema, "Kamwene, baba."

Shangazi, mzee alijifunika koti usoni kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akasimama kwa ule mguu mbovu, akageukia ukuta, akatoka akipapasa mlango. Fimbo yake ilibaki chini pale nilipopiga magoti.

Jogoo hakuliwa. Mzee alikaa karakana, kwenye gogo, akamwambia mwanawe kwamba kesho anarudi Rungwe, apate sindano asipate. Niliwasikia nikiwa jikoni. Sikujua Kinyakyusa cha kutosha, lakini neno la kuondoka nalijua. Niliwaza mawili tu: kwamba mguu wake utaoza kwa sababu yangu, na kwamba watu wa Rungwe watasema yule Mhehe alimfukuza baba mkwe kwa birika. Nililia, nikalilia na jogoo pia.

Mama Tusekile ndiye aliyenikuta. Nilimwambia mzee amenidharau kwa sababu mimi ni Mhehe. Alinitazama kama unavyotazama mtoto aliyevaa nguo ndani nje.

"Amekudharau? Mzee amekukimbia kwa heshima! Angekuona mtu bure angekaa akanawa," alisema. "Sikiliza, mwali. Huyu baba hatakuona uso mpaka mmoja wenu afukiwe. Sauti yako hataisikia ukimwita. Sasa atakujua kwa nini? Kwa chungu. Pika basi, acha kulia!"

Nilipangusa machozi. Kazi ilikuwa wazi: mzee abaki mpaka sindano ya mwisho, na ashibe kwa mkono wangu bila kuniona.

Isakwisa alikuwa na mbao nzuri alizozipiga randa wiki nzima. Zilikuwa za kabati langu la vyombo, kabati lenye milango miwili, nililolisubiri tangu harusi. Nikamwambia azikate. Alisita. Nikamwambia tena, azikate leo hii kabla baba yake hajafunga mzigo. Mpaka jua linazama palikuwa na kiambaza cha mbao kutoka mlango wa nyuma hadi jikoni, na chini yake kijilango cha kupitishia sahani. Mzee akapata chumba chake na njia yake, mimi nikapata yangu. Alikizunguka kile kiambaza, akagonga gonga kwa fimbo, akakubali kukaa mpaka Jumapili tu.

Jumapili tu! Nilikuwa na siku nne.

Siku ya kwanza nilipika mbalaga kama Mama Tusekile anavyopika, kwa maziwa. Sahani ilirudi imeguswa pembeni. Siku ya pili nilitia nyama, ikarudi nusu. Mama Tusekile akasema ni njema, mgonjwa hali sana, lakini mimi sikuridhika. Niliitazama ile sahani nikaelewa. Nilikuwa nampikia ndizi za mke wake, na ndizi za mke wake anazijua kwa miaka arobaini. Hapo siwezi kushinda hata nikipika mpaka nizeeke.

Siku ya tatu nikapika za kwangu. Nilizitwanga karanga za mama, zile za Kalenga, nikazichemsha taratibu mpaka mafuta yakapanda juu, kama ulivyonionyesha wewe kwa majani ya maboga. Halafu nikatia mbalaga humo, na chumvi, na kitunguu, nikaacha zijipikie bila kukoroga. Hakuna mtu wa Rungwe aliyewahi kunifundisha hivyo, na hakuna wa Iringa. Ni mimi. Nikapitisha sahani kwenye kijilango, nikakaa chini upande wangu nimeshika magoti.

Nilisikia kijiko. Kikanyamaza. Kikaanza tena, na hakikunyamaza mpaka kikagonga bati. Kisha ile sahani ikasukumwa kurudi kwangu, tupu, na nyuma yake kikombe tupu, na baadaye mzee akamwuliza mwanawe kwa sauti kama kuna nyingine. Shangazi, niliruka! Niliweka mkono mdomoni nisicheke kwa sauti.

Jumapili ilipita na mzigo haukufungwa. Jumatatu pia. Kila asubuhi Isakwisa alimpakia baba yake kwenye baiskeli wakaenda hospitali, na kila waliporudi nilisikia mzee anauliza kwa mbali leo kuna nini. Nilimpa ugali wa ulezi na maharage. Nilimpa viazi vya kuponda na siagi niliyoitikisa mwenyewe kwenye kibuyu. Nilimpa maandazi ya ulanzi, akamtuma mwanawe aniulize ni hamira gani, na Isakwisa akajibu ni ya Iringa, basi. Kidonda kilikauka, ngozi mpya ikaanza kufunga. Muuguzi alisifu dawa. Asifu dawa yake, mimi najua ni dawa na karanga.

Jioni ya siku ya kumi na mbili, kabla ya chakula, mzee alisema atasali yeye. Siku zote alikuwa anasali kimya. Isakwisa akasimama naye upande wao, mimi nikasimama upande wangu na mwiko mkononi. Akasali kwa Kiswahili, shangazi, si kwa Kinyakyusa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sala ile ina msikilizaji nyuma ya mbao.

Alimshukuru Mungu kwa mguu. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama nilivyosikia:

"Bwana, wewe unajua sikwenda kwenye harusi ya mtoto wangu. Watu niliwaambia ni mguu. Haukuwa mguu. Nilisema, msichana wa Kihehe atanilishaje mimi? Nitakufa njaa kwenye nyumba ya mwanangu. Bwana, nimekula siku kumi na mbili. Nimeshiba. Huyu binti sitamwona, wewe unamwona. Mwambie kwamba baba mkwe wake amekosa. Ile mikono ibariki, na tumbo lake libariki, nile tena hapa nikibeba mjukuu. Ndaga fijo, Bwana."

Ndaga fijo ni ahsante sana.

 Isakwisa alisahau kuitikia, nafikiri alikuwa analia.  Siruhusiwi kumwita, siruhusiwi kumjibu, siruhusiwi hata kukohoa ili ajue nipo. Lakini sala ni ya Mungu, na kila mbatizwa ana haki ya kuiitikia. Nikavuta pumzi, nikasema "Amina," kwa sauti kubwa, kwa sauti ya kwetu ya kuitana kutoka mlima hadi mlima. Na mzee, upande wa pili, akajibu, "Amina."

Wasalimie Baba Liberatus na ndugu yangu Didas, mwambie aandike naye, kalamu si nzito kama jembe la mkonge. Mama Tusekile anakusalimu ingawa hamjuani, anasema walionilea walinilea vizuri, nami nikamwambia mmoja wao hakuamini kwamba naweza kupika. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mvua ya kutosha na pumzi ya kutosha kifuani.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote, mpishi,

Tekla