Dozi Iliyomfikia Mtoto

S.L.P. 318
Machi 9

Mpendwa dada,

Shikamoo. Goti la shemeji limetulia? Watoto wanakula, wanalala? Mimi mwili ni mzima. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa mno tangu mlipoondoka baada ya mazishi. Ninapika kwa sufuria ndogo na bado chakula kinabaki.

Dada, nina mimba. Ni ya marehemu mume wangu, usianze kuhesabu kwa vidole. Siku zangu zilipokatika nililaumu msiba.

Januari nilishikwa na tumbo pale pale kazini hospitalini, wakanilaza kwenye CT skani. Msichana wa picha akaniuliza, "Huna mimba, eti?" Nikamjibu sina, tena kwa ukali. Mimi huyu, ambaye kazi yangu ni kukadiria mionzi iliyowafikia watoto tumboni, mama zao wanapopigwa picha bila kujua. Mganga hajigangi. Tatizo lenyewe kumbe kijiwe cha figo, kikatoka chenyewe.

Nilipogundua nina mimba, nilijihesabia mionzi hiyo mwenyewe. Mwenzangu wa kuhakiki hesabu alihamishwa, kile chumba cha chini nimebaki peke yangu. Nikapata miligrei kumi na nane, ndicho kipimo chetu cha mionzi, nikafurahi. Kisha nikaona nimejaza uzito wangu wa mwaka jana. Nimepungua kilo kumi na mbili, dada, na mama akiwa mwembamba mionzi humfikia mtoto kwa wingi zaidi. Nikapanda mizani, nikarudia: ishirini na nne.

Dozi ikiwa chini ya miligrei mia, hatumshauri mama yeyote aitoe mimba kwa sababu ya mionzi. Nimewaambia wengi hivyo nikaona mabega yao yakishuka. Nami nilijisomea maneno hayo mara nne, hofu ikabaki vile vile. Huyu mtoto ndiye pekee aliyeniachia marehemu.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Shangazi msalimie pia, ila usimwambie bado. Mdomo wake hauna kufuli.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya hesabu. Hutaielewa, wala usijisumbue. Nipigie simu tu unisomee mstari wa mwisho, polepole, kama ilivyoandikwa: "Mama, endelea na mimba yako." Nimechoka kujiambia mwenyewe.

Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,

Kitindamimba