Hodi kwa Kigong'ota

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kigong'ota amerudi kwenye mfenesi mkavu. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia ko-ko-ko-ko. Nikageuka kumwambia Kassian. Mdomo ulishafunguka kabisa. Kiti chake kipo palepale, na mto wake juu yake. Nikaendelea kupepeta.

Jumatano, 3 Septemba

Leo nimechaji simu ya marehemu mume wangu, ile ya batani. Picha zote alizopiga ni za huyu ndege, na hakuna hata moja yenye ndege. Shina. Shina. Ncha ya mkia. Na kila moja kidole gumba chake kimeziba pembeni.

Alikuwa anagonga shina kwa mkono mmoja — hodi hodi, mwenye nyumba — ndege anachungulia tunduni, na mkono wa pili unabonyeza, umechelewa. Aliniita kila mara. Njoo umwone, kichwa chekundu kama pilipili! Nikitoka jikoni, ndege kesharudi ndani. Ndiyo maana alitaka picha ya uso. Ili nami nimwone.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa amekuja shemeji Theodori kupanga arobaini ya mdogo wake. Ni Jumamosi hii. Kwao kuni za kupikia arobaini hutoka uwanjani kwa marehemu mwenyewe. Za kununua, ndugu watasema. Akaupigapiga mfenesi kwa kiganja kama anayenunua ng'ombe. Huu umekufa tangu maji yalipojaa humu mwaka jana, akasema, unasubiri nini? Alhamisi anakuja na shoka.

Nikamwambia mti una mpangaji. Basi apewe notisi, akajibu.

Sikumkatalia. Nani kama Kassian wa kupikiwa kwa mti wake? Ndege atatoboa mwingine, hapa kijijini Katindiuka miti haijaisha. Ila nataka ile picha kwanza.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaribu peke yangu. Nikigonga, mkono wenye simu unatikisika. Sasa nami nina mashina yangu mawili, na simu imegoma: nafasi imejaa.

Nimeipeleka sokoni kwa Asmahani, anayetengeneza simu. Akapitia picha. Mti, mti, kidole, mti. Dada, mzee alikuwa anakipiga picha kidole chake? Nikacheka hadi nikashika meza yake. Sijacheka hivyo tangu mazishi. Akanitazama, akasema pole, dada.

Pa kuweka kadi pamevunjika. Tundu la waya linachaji tu, halitoi kitu. Futa, ndio upate nafasi, akasema. Nikafuta mashina yangu mawili palepale. Bado haitoshi, akasema, futa na moja ya mzee. Akapeleka kidole kwenye kitufe. Nikamnyang'anya simu.

Picha ya ndoa yetu ipo ukutani. Humo amesimama kama mtu aliyekamatwa. Lakini kidole hiki, chenye ukucha uliopasuliwa na mundu, ndicho kilichokuwa kinanimenyea machungwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Theodori amefika mapema, shoka begani. Nikamwambia shikamoo, nikamwekea chai. Nikamwomba: shemeji, kabla hujaukata, ugonge. Na useme hodi.

Nimpigie hodi mti?

Mti, ndiyo.

Akalaza shoka chini, akagonga kwa vifundo vya vidole. Hodi hodi, mwenye nyumba. Sauti yake na ya Kassian ni moja. Sikuwa nimewahi kuligundua hilo.

Akachungulia! Kichwa kizima. Wekundu wa pilipili kweli, jicho jeusi, anatutazama kama tumemwamsha. Simu nimeishika kwa mikono miwili, haitikisiki hata kidogo. Nikabonyeza. Nafasi imejaa. Jana nilijiambia nitafuta moja asubuhi. Asubuhi imefika, sikufuta.

Umempata? Theodori akauliza, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani.

Bado.

Basi nanywa chai, nagonga mara moja tu, kisha kazi. Jua linapanda, shemeji.

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nimetafuta iliyo mbaya kuliko zote. Nimeipata. Haina shina, haina anga. Kidole kitupu, kimejaa kioo kizima, na ule ukucha unaonekana vizuri.

Simu inauliza: Futa? Ndiyo. Hapana.

Theodori amemwaga masalia ya chai. Ameshasimama kwenye mti, mkono juu, ananisubiri mimi.